Siku 19 Zilizosomeka 11

Wafanyakazi wenzetu, jambo tunaloeleza safari hii wengi mtaliona ni la makarani, si la mchumaji wa chai wala la mtu wa mashine kiwandani. Tunaomba mvumilie mpaka mfike kwenye hesabu ya siku, ndipo mseme wenyewe kama ni la makarani.

Katika tawi moja la mashamba ya chai, magharibi ya Uganda, mchwa waliingia ndani ya kabati la ofisi. Walikula kitabu cha michango, wakala kumbukumbu za mikutano, wakala na mkataba wa hali bora uliotiwa sahihi mwaka 1989. Hakuna aliyejali sana wakati huo, maana kulikuwa na mikataba mipya zaidi. Lakini mkataba ule wa zamani ulikuwa na kifungu kimoja kilichowahusu watu walioajiriwa kabla yake: wakistaafu walipwe kiinua mgongo kwa kila mwaka wa utumishi, na haki hiyo isipunguzwe hata shamba likiuzwa. Shamba likauzwa, likauzwa tena. Watu walioanza kuchuma wakiwa vijana wakafikia umri wa kupumzika, wakaenda kudai. Kampuni mpya ikajibu kwamba haikukabidhiwa karatasi kama hiyo. Ikasema: leteni mkataba.

Tawi halikuwa na mkataba wa kuleta. Kilichokuwapo ni kopo la maziwa ya unga, na ndani yake diski tatu za kompyuta za aina ya zamani, zile laini zenye upana wa inchi 5 na robo. Kopo lilikuwa nyumbani kwa mama mmoja aliyekuwa mpiga chapa wa chama miaka hiyo. Mkataba wenyewe uliandikwa kwa Kiingereza, lakini wachumaji walikuwa Wakiga, Watoro, Wanyarwanda na wenzetu kutoka Kongo, na lugha waliyokutania shambani ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo chama kilitengeneza tafsiri ili isomwe mikutanoni. Mama ndiye aliyeichapa, kwa kompyuta iliyotolewa msaada na wenzetu wa ng'ambo, akatumia programu iliyoitwa WordStar.

“Mbona hukusema, Mama?” karani kijana wa tawi alimwuliza.

“Mwanangu, nani aliniuliza?”

Diski zikapelekwa Kampala kwa fundi mmoja ambaye bado anatunza kompyuta ya zamani yenye mdomo wa kumeza diski za namna hiyo. Moja ilikuwa na ukungu na haikusomeka. Mbili zilifunguka, na katika ya pili mlikuwa na tafsiri. Furaha ilikuwa kubwa, lakini haikudumu. Fundi alipoifungua kwenye kioo cha mashine yake, kifungu cha kiinua mgongo kilionekana hivi: “mshaharß wß sik⌡ 1╣ kwß kilß mwakß”. Alitoa ukurasa huo kwenye karatasi kama ushahidi wa tatizo, kisha akainakili faili yote kwenye flashi ili karani aondoke nayo. Karani alipoifungua kwenye kompyuta ya tawi, ambayo ni ya siku hizi, maneno yale yale yakaja na sura nyingine: “mshahará wá sikõ 1¹ kwá kilá mwaká”. Mjumbe mmoja wa kamati alisema hicho ni Kireno.

Si Kireno. Karani wetu ana macho makali, na baada ya saa moja aliona kwamba kila neno limeharibika mahali pamoja tu, herufi ya mwisho. Na kwa kuwa maneno yetu ya Kiswahili karibu yote yanaishia na irabu, alama ngeni zilikuwa tano tu. Penye á palitakiwa a, penye å palitakiwa e, penye é palitakiwa i, penye ï palitakiwa o, penye õ palitakiwa u. Akaiamuru kompyuta ibadili moja moja katika faili nzima. Kwa mara tano tu tafsiri ikasomeka kama jana. Mwingereza angepata taabu zaidi, maana maneno yake huishia na herufi za kila namna.

Zikabaki tarakimu. Palipokuwa na alama ya nyuzi kama ya joto akaandika 0, kwa kuwa ilifanana. Palipokuwa na 1 ndogo iliyopandishwa juu akaandika 1 ya kawaida. Hivyo kifungu kikasomeka: mshahara wa siku 11 kwa kila mwaka wa utumishi. Kikapigwa chapa, kikasomwa mbele ya wastaafu, na wengine wakaanza kuhesabu.

Hapa tusimame kidogo tueleze mambo yanavyokwenda ndani ya mashine, kwa sababu bila kuyajua mtu hawezi kuona kosa lilipo.

Kompyuta haijui herufi. Inajua namba tu. Ukibonyeza A, inaweka namba. Ikitakiwa kuonyesha, inatazama namba hiyo katika orodha yake na kuchora herufi inayolingana. Mambo yangekuwa rahisi kama orodha ingekuwa moja duniani. Mwaka 1963 Wamarekani walitoa orodha iitwayo ASCII, yenye nafasi 128, kuanzia 0 mpaka 127. Humo A kubwa ni 65, a ndogo ni 97, tarakimu 9 ni 57. Mwaka uliofuata IBM, kampuni kubwa kuliko zote za kompyuta wakati huo, ilitangaza mitambo yake mipya ikiwa na orodha yake yenyewe, ambamo A kubwa ni 193. Kwa hiyo hata kabla hatujafika kwenye mikataba na barua, mashine mbili zilizowekwa chumba kimoja hazikuweza kusomeana bila mkalimani wa kugeuza namba.

Mashine ndogo zilizofuata nyingi zilishika ASCII. Lakini chumba kimoja cha kumbukumbu katika mashine hizo kina nafasi 256, na ASCII inatumia nusu tu. Nusu ya juu ikabaki kama shamba lisilo na mpaka, na kila mtengenezaji akalima anavyotaka. Mashine za IBM ziliweka humo herufi za Ulaya, za Kigiriki na mistari ya kuchorea majedwali. Windows, iliyokuja baadaye, ikaweka herufi za Ulaya Magharibi kwa mpangilio mwingine. WordStar, iliyotoka mwaka 1978 na kuwa programu ya kuandikia iliyosambaa sana miaka ya mwanzo ya 1980, haikuweka herufi yoyote. Ilitumia nafasi hiyo kujiwekea alama. Neno lilipokwisha, iliongeza 128 kwenye namba ya herufi ya mwisho, iwe kumbukumbu yake kwamba neno limeishia hapa na nafasi inaweza kutanuliwa ili pambizo ya kulia inyooke. Ndani ya WordStar yenyewe hukuona kitu. Programu ilijua kupunguza 128 kabla ya kuonyesha. Lakini faili ilipofunguliwa na programu nyingine, herufi ile ilikwenda kuangukia katika nusu ya juu. Herufi a, yaani 97, ikawa 225. Kwa orodha ya IBM 225 ni ß. Kwa orodha ya Windows ni á.

Sasa tazameni tarakimu. Tarakimu 9 ni 57. Ongeza 128, unapata 185. Kwa mashine ya fundi wa Kampala 185 ni kipande cha mstari wa jedwali, ╣, kitu ambacho hakuna mtu angekidhania kuwa tarakimu. Kwa kompyuta ya tawi 185 ni 1 ndogo iliyopandishwa juu. Haifanani na kosa. Inafanana na 1 iliyochapwa vibaya.

Aliyeligundua jambo hili si fundi wala sisi. Ni yule mama. Aliposomewa kwamba kifungu kinasema siku 11 alikataa katakata. Alikuwa amechapa pia kumbukumbu za mazungumzo ya mwaka ule, na alikumbuka kwamba mwajiri alianza na siku 15 na chama kilianza na 26. “Tungewezaje kutoka mezani na kumi na moja?” alisema. “Hata aliyelala mkutanoni asingekubali.”

Ndipo ile karatasi ya fundi ikatolewa, ikawekwa kando ya ile ya karani, na namba zikatafutwa. Ilikuwa siku 19. Ni idadi ya ajabu kidogo, lakini ndivyo mazungumzo ya usiku yanavyokwisha. Kwa mchumaji aliyetumika miaka 30, tofauti kati ya 11 na 19 ni mshahara wa siku 240. Na tawi ndilo lililokuwa tayari kwenda kudai kidogo kuliko haki, kwa mkono wake lenyewe, bila mwajiri kufanya hila yoyote.

Hatusemi kwamba tafsiri iliyomo kwenye diski ni mkataba. Haina sahihi ya mtu, na mwanasheria yeyote angeitupa nje. Faida yake ilikuwa nyingine: kichwani mwake mama alikuwa amechapa tarehe ya mkataba na namba ya jalada la ofisi ya kazi ya serikali. Kwa namba hiyo katibu wa tawi alikwenda kuomba, akazungushwa, akarudi, na mara ya tatu jalada likapatikana. Nakala ya Kiingereza yenye sahihi za pande zote mbili imo, na inasema siku 19. Baadhi ya wastaafu wamekwisha lipwa kwa hesabu hiyo. Wengine bado wanabishana na kampuni juu ya tarehe zao za kuajiriwa, na hilo ni jambo jingine.

Msidhani WordStar peke yake ndiyo iliyokuwa na ukaidi. Miaka ile kila programu iliandika kwa siri zake. WordPerfect, iliyoshika nafasi ya mbele mwishoni mwa miaka ya 1980, ilichanganya maneno na maagizo yake, hapa anza wino mzito, hapa acha, na ilikuwa na kitufe cha kumwonyesha mpiga chapa maagizo hayo kama mtu anayefunua tumbo la redio. Makarani wa zamani wanaisifu mpaka leo kwa kitufe hicho, na tunaona wana haki. Microsoft Word ilikuja mwaka 1983 na njia yake. Hata kumaliza mstari halikuwa jambo la kukubaliana. Kwenye taipureta unafanya mambo mawili: unarudisha gari mwanzo wa mstari, na unasogeza karatasi juu. Mashine za MS-DOS ziliandika yote mawili, namba 13 na namba 10. Mitambo ya Unix iliandika 10 peke yake, na Macintosh za zamani 13 peke yake. Ndiyo maana barua iliyotoka mtambo mmoja iliweza kufika mtambo mwingine ikiwa mstari mmoja usio na mwisho, au kila mstari ukiwa umepandwa juu ya mwenzake.

Na diski nazo. Macintosh ya mwaka 1984 ilitumia diski ngumu ya inchi 3 na nusu, na baadaye kompyuta za aina ya IBM zikatumia diski ya umbo lile lile. Uliweza kuichukua ya huku ukaiingiza kule, ikaingia vizuri, na mashine ikasema haina kitu. Macintosh ilizungusha diski kwa mwendo unaobadilika ili ijaze zaidi, na kichwa cha mashine nyingine hakikuweza kuifuata. Tangu mwaka 1988 Macintosh mpya zilipewa kichwa cha kusoma diski za upande wa pili. Kabla ya hapo, aliyetaka kupitisha barua aliunganisha mashine mbili kwa waya.

Katika habari ya waya hizo kuna jambo la kupendeza ambalo yafaa wafanyakazi walijue. Mwaka 1981, katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, Frank da Cruz na Bill Catchings walitengeneza njia ya kuhamisha faili waliyoiita Kermit, kwa jina la yule chura wa televisheni. Chuo kilikuwa na mitambo mikubwa isiyosomeana, mmoja wa ASCII na mwingine wa orodha ya IBM, tena wanafunzi walitaka kuondoka na maandishi yao kwenye diski ndogo. Kermit ilikata faili vipande vidogo, kila kipande kikipelekwa pamoja na jumla ya hesabu yake. Upande wa pili ulihesabu tena. Jumla zikilingana, ulijibu kwamba umepokea. Zisipolingana, ulidai kipande kile kile kirudiwe. Ni kama wachumaji wawili wanaopima kapu moja kwenye mizani miwili kabla ya kuandika kilo. Waliruhusu watu wainakili na kuibadili, na watu wa nchi nyingi waliiandika upya kwa mashine zao, mamia ya aina. Mwenzao Ward Christensen wa Chicago alikuwa ametoa njia yake, rahisi zaidi, mwaka 1977, naye aliitoa bure.

Kwetu Afrika Mashariki njia za namna hii zilifika kwa simu mbovu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa na kituo cha FidoNet, mtandao ulioanza Marekani mwaka 1984, ambamo kompyuta zilipigiana simu na kupokezana barua. Dakika ya simu ilikuwa ghali, kwa hiyo watu walituma maneno matupu: hakuna wino mzito, hakuna jedwali la kupendeza, ASCII peke yake. Tunawaona watu wale walikuwa na busara kuliko walivyojua. Barua ya maneno matupu ya mwaka 1991 inafunguka leo katika simu yoyote ya mkononi. Barua iliyorembwa kwa programu ya mwaka ule inahitaji fundi.

Tatizo la orodha za herufi leo limekwisha kwa sehemu kubwa. Mwaka 1991 ilitolewa orodha moja kwa ajili ya lugha zote, Unicode, na mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike wakabuni namna ya kuiandika, iitwayo UTF-8, ambayo haiharibu ASCII ya zamani. Simu zenu zinatumia hiyo. Tatizo la mapambo na muundo ndilo ambalo halijakwisha, na hapa ndipo tunapokutana nalo katika mazungumzo ya mishahara ya sasa.

Ofisi yetu inatumia LibreOffice, programu ya bure iliyoanza mwaka 2010 kutokana na mradi wa OpenOffice. Waajiri wengi wanatumia Microsoft Word. Kila upande una kiwango chake kilichokubaliwa na Shirika la Kimataifa la Viwango: cha kwanza mwaka 2006, cha Microsoft mwaka 2008. Kuwa na viwango viwili kwa kazi moja ni sawa na kuwa na mizani miwili kwenye kituo kimoja cha kupimia majani. Afrika Kusini, Brazil, India na Venezuela zilikata rufaa dhidi ya uamuzi wa 2008. Rufaa ilikataliwa mwaka huo huo. Programu zote mbili husoma faili za mwenzake, na kwa barua ya kawaida hutaona tofauti. Tofauti huonekana kwenye hati ndefu yenye vifungu na majedwali, na mkataba wa hali bora ni hati ya namna hiyo hasa.

Tulipatwa mara moja na mwajiri ambaye hatumtaji. Rasimu ilikwenda na kurudi mara nyingi. Vifungu vilikuwa vimepewa namba na kompyuta yenyewe, si kwa mkono. Upande wa pili uliongeza kifungu kimoja kuhusu zamu za usiku, nasi tulikubali. Kompyuta ikasogeza namba zote zilizofuata: kilichokuwa cha 14 kikawa cha 15. Lakini ndani ya kifungu cha nidhamu mlikuwa na maneno yaliyochapwa kwa mkono, “isipokuwa kama ilivyoelezwa katika kifungu cha 14”, na maneno hayo hayakusogea. Kifungu cha 14 kilikuwa kinga ya wajumbe wetu. Sasa kilikuwa habari ya sare na viatu vya mpira. Mjumbe mmoja mzee alikiona usiku wa kuamkia kutia sahihi, kwa sababu yeye husoma kwa kidole. Hatusemi kilifanywa kwa makusudi. Kompyuta ilifanya ilichoagizwa.

Jedwali la mishahara ni hatari nyingine. Aina ya herufi isiyokuwapo kwenye mashine ya pili hubadilishwa na nyingine yenye upana tofauti. Mistari huruka, ukurasa wa 7 huwa wa 8, na neno linaloeleza safu ya jedwali huweza kuangukia ukurasa mwingine. Zaidi ya hayo kuna mabadiliko yaliyofichwa. Word na LibreOffice zote zina njia ya kuweka kumbukumbu ya nani alifuta nini, na kumbukumbu hiyo yaweza kuzimwa isionekane huku ikiwa bado imo. Mwaka 2003 serikali ya Uingereza ilitoa hadharani taarifa kuhusu Iraki ikiwa faili ya Word, na watu wakakuta ndani yake majina ya walioishughulikia. Ikiwa serikali ilisahau kufagia, tawi lenye karani mmoja laweza kusahau vilevile, na mwajiri akasoma humo kiwango cha chini ambacho kamati ilikuwa tayari kukikubali.

Kwa hiyo ofisi yetu imejiwekea utaratibu, nao si mgumu. Kila idadi katika mkataba huandikwa mara mbili, kwa tarakimu na kwa maneno: siku 19 (kumi na tisa). Makarani wa zamani walifanya hivyo na vijana waliacha kwa kuona ni kupoteza wino. Lau mama angeandika hivyo mwaka 1989, diski ingetoa “kumé ná tisá”, na mtu yeyote angesoma. Pili, nakala ya kutia sahihi hutolewa kwenye mashine moja, huchapwa kwenye karatasi, na watu wawili huisoma kwa sauti, mmoja akishika rasimu ya mwisho na mwingine akishika karatasi mpya. Ni kazi ya nusu siku. Wajumbe wetu hulalamika kila mara, nasi hatuwaachii.

Tatu, nakala ya kuhifadhi huwekwa kwa namna tatu: faili ya kuandikia, faili ya PDF ambayo hushika sura ya ukurasa isibadilike, na faili ya maneno matupu. Wengine hutuuliza kwa nini ile ya tatu, isiyopendeza macho. Ni kwa sababu programu huchoka kabla ya maneno. Mwaka 2007 Microsoft yenyewe ilitoa nyongeza ya Office 2003 ambayo, kwa sababu za usalama, iliziba ufunguaji wa aina kadhaa za faili za zamani, zikiwamo za Word yenyewe. Ilikuwa lazima mtu ajue mahali pa kulegeza kufuli. Maneno matupu hayana kufuli la kulegeza.

Wanachama wanaopokea hati kwa simu tunawaomba wadai PDF. Faili ya kuandikia ikifunguliwa kwenye simu hupangika upya kwa kadiri ya kioo, na tumesikia mabishano ya saa nzima kiwandani kati ya watu wawili waliokuwa wakisoma jedwali lile lile, kila mmoja kwa simu yake, mmoja akiwa na safu ya nyongeza chini ya cheo kisicho chake.

Tawi lile la chai limekwisha nunua kabati la chuma. Mama amekubali kuja ofisini siku mbili kwa mwezi kumsaidia karani kusafisha faili nyingine zilizomo kwenye diski zile mbili. Safari hii tarakimu zinageuzwa kwa namba, si kwa kutazama: kila kilicho juu ya 127 hupunguzwa 128, basi. Diski ya tatu, yenye ukungu, bado imo ndani ya kopo. Mama anasema ndiyo yenye orodha ya wanachama wa mwaka 1989 na tarehe zao za kuajiriwa. Fundi wa Kampala ameomba apelekewe, aioshe kwa uangalifu na aijaribu mara moja, kwa maana anasema huenda isistahimili mara ya pili.